Meneja wa Kimya

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimekuwa meneja.

Ilikuwa hivi. Niko karakanani, kichwa ndani ya friji ya mwenye bucha, redio inaimba. Mtangazaji anasema sasa tumsikie binti wa miaka kumi na saba, anajiita Kimya, anarapu kama mvua ya mawe. Nikasikiliza. Nikagonga kichwa kwenye rafu. Sauti ile naijua. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yule yule ambaye mwezi wa nne nilimshauri mama yake amnyang'anye maiki kwa sababu anatusumbua Jumapili.

Hilo la mwezi wa nne sitalitaja tena.

Nikafunga karakana, nikaenda kwa dada. Nilimkuta anapiga pasi sare yake ya uuguzi. Nikamweleza kwamba kipaji bila meneja ni jokofu bila gesi. Akauliza, bila kuinua macho, friji ya mwenye bucha nimeiacha na nani. Dada hana upeo.

Kimya alikuwa mezani na vitabu vya mtihani. Jina hilo alipewa na walimu, maana tangu darasa la kwanza haongei ila kwa dharura. Nikamtangazia uteuzi wangu. Akasema, "Sawa, Mjomba." Kwa mtoto yule, hiyo ni hotuba.

Kikwazo kimoja. Dada anasema mambo ya karatasi yameshashikwa na Shangazi, yaani dada wa shemeji. Huyo ni karani wa masijala. Huwarudishia watu barua kwa ajili ya nukta. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Mimi nimeshaingia zizini.

Jumatano, 4 Juni

Studio. Iko nyuma ya duka la magodoro. Unapita kwa ubavu katikati ya magodoro yaliyosimamishwa mpaka mlango mdogo. Ndani kuta zote zimepigwa sponji, hata kikohozi kinakufa kabla hakijamaliza. Fundi wa sauti wanamwita Sikio. Mtu mpole. Albamu ina nyimbo tisa, saba ziko tayari. Zote zimefanyika bila meneja. Ajabu.

Nilisimama kimeneja: mikono kifuani, mguu mmoja ukipiga mdundo. Sikio akaniomba niache, viatu vyangu vinalia na vimeshaingia kwenye wimbo wa nane. Nikavivua. Akaniomba nivivae tena, kwa sababu nyingine.

Kimya alirekodi mistari hii:

Waliniita Kimya, wakadhani sina neno,
Kumbe nilikuwa nanyonya, nasubiri kuota meno.

Nywele zilinisimama. Nikamwambia ni nzuri, ila haina mjomba.

Nikapendekeza albamu ifunguliwe na maneno yangu ya ukaribisho. Sikio akanikalisha kwenye maiki. Nilisema dakika kumi na moja bila kushika karatasi. Nilipouliza ataiweka wapi, akasema mahali salama.

Kisha akaingia Shangazi na faili lake. Alikuwa ameyapiga chapa mashairi yote na kusahihisha ngeli kwa wino mwekundu. Nikajua sasa atakataliwa. Kimya akasoma ukurasa kwa ukurasa, akakubali masahihisho matatu, akayakataa mengine, na Shangazi akasema haya. Wakacheka wote wawili. Sikuona cha kuchekesha.

Jumamosi, 7 Juni

Picha ya jalada. Shangazi alitaka mtoto apigwe picha akiwa na sare ya shule, mbele ya kabati la vitabu. Mimi nilitaka akae kwenye kiti kikubwa, mimi nyuma yake, mkono begani. Mpiga picha akasema yeye anatafuta mwanga tu. Mwanga mzuri uko karakanani kwangu. Bao moja.

Pale nina jokofu la dukani, lile refu la mlango wa kioo. Lililetwa kwa sababu kitasa hukwama. Nikapata wazo: Kimya asimame ndani yake, kama kinywaji baridi. Kimya akaliangalia jokofu, akaniangalia mimi. Nikaona nimwonyeshe kwanza. Nikaingia. Mlango ukajifunga.

Kitasa kikakwama.

Nilipiga kelele. Jokofu lile lina hitilafu nyingi, lakini kwa kuzuia sauti ni zima kabisa. Mpiga picha alidhani naigiza, akawa ananinyooshea kidole gumba na kuendelea kupiga. Kimya alikuwa mbele ya kioo, kanipa mgongo, macho kwenye kamera, hana habari. Shangazi, nina hakika, alijua. Alimalizia chai kwanza. Ndiye aliyenifungulia, kwa mpini wa kijiko.

Jumanne, 10 Juni

Wamechagua picha. Mbele ni Kimya, uso umetulia. Nyuma yake, ndani ya kioo, mtu mzima na ovaroli, mdomo wazi kama pango, hasikiki. Chini neno moja kubwa: KIMYA.

Nilipinga. Nikasema ni kudhalilisha uongozi. Sikio, Kimya, dada na Shangazi wakapiga kura. Nne kwa moja. Ni mara ya kwanza dada na wifi yake kukubaliana tangu siku ya harusi.

Ukaribisho wangu haumo. Sikio anasema bado uko mahali salama.

Alhamisi, 19 Juni

Albamu ilitoka Ijumaa. Haijamaliza wiki. Inapigwa saluni, inapigwa kwa fundi viatu, mlinzi wa ghala anaipiga kwenye simu yake ameifunga kifuani. Watoto wa shule wanapita wakiimba ile ya meno. Redioni Kimya aliulizwa maswali kumi na mawili, akajibu kwa maneno tisa. Watu wakasema ana hekima. Hospitalini wagonjwa wanajikongoja kutoka kitandani ili wamsalimie Mama Kimya. Jana nje ya nyumba ya dada kulikuwa na watu ishirini hivi, hawataki kitu, wanaangalia tu mlango.

Na mimi! Asubuhi mtoto mmoja kaninyooshea kidole, kamwambia mwenzake: Mzee wa Friji. Watu wanakuja karakanani bila friji, wanataka kupiga picha na mimi nikiwa nimeachama. Nimeanza kuwaeleza kwamba jalada lilikuwa wazo langu, na kwamba niliingia mle kwa makusudi. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimeshaamini mwenyewe.

Mwenye bucha alikuja kuuliza friji yake. Nikampa picha yenye sahihi yangu. Hakuichukua.

Jumatano, 25 Juni

Nimetembelewa na mtu wa maana. Koti la kijivu, kalamu mbili mfukoni. Jina sikulishika, namwita Bwana Koti. Anatoka kampuni ya muziki. Aliniita Mheshimiwa mara tatu kabla hajakaa, kisha akakaa juu ya kreti la soda bila kulipangusa. Mnyenyekevu.

Akasema kwamba wengine wangekwenda moja kwa moja kwa wazazi, lakini yeye ameuliza mtaani na anajua mwenye kauli ni nani. Akatoa mkataba. Kurasa kumi na nane. Nikaanza kusoma. Ukurasa wa pili ulikuwa na maneno kama "kwa kuzingatia yaliyotajwa hapo juu". Nikaona hawa ni watu makini, kuwachunguza ni kuwavunjia heshima. Nikaweka sahihi kila ukurasa. Palipoandikwa Mlezi nikaandika jina langu. Nikaongeza: na Meneja.

Shangazi hajui. Atajua kesho, nitakapomwekea nakala mezani mbele ya watu.

Alhamisi, 26 Juni

Nilimwekea nakala mezani mbele ya watu.

Akavaa miwani. Akasoma kurasa zote kumi na nane, dada, Kimya na mimi tukimwangalia. Alipofika ya kumi na moja, akarudi ya kumi, akaanza tena. Kisha akatusomea kwa sauti. Nyimbo zote tisa ni mali ya kampuni. Zitakazofuata kwa miaka kumi na miwili, vilevile. Jina Kimya, vilevile. Mtoto haruhusiwi kulitumia wala kupanda jukwaani bila idhini yao, na onyesho lake la keshokutwa, Jumamosi, ambalo limeshatangazwa, hawajaliidhinisha.

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Kimya akaniuliza, "Ulisoma, Mjomba?"

Nikasema niliupitia.

"Uliupitia kama mtu anavyopita njia," akasema. "Mimi sikutaka meneja. Ningemtaka, ningesema. Nilitaka mtu wa kunisindikiza tu."

Sentensi nne mfululizo. Sijawahi kumsikia akisema nyingi kiasi hicho bila mdundo. Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu.

Shangazi akasema njia ipo, moja. Mtoto hajafikisha umri, na aliyesaini si mzazi wala mlezi, kwa hiyo karatasi haina nguvu. Ila aliyesaini lazima aende akaseme hivyo kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Akaniangalia kwa juu ya miwani. Nikasema nitafikiria. Akasema basi nifikirie nikiwa nimevaa, tunaondoka saa mbili asubuhi.

Ijumaa, 27 Juni

Ofisi ya Bwana Koti ina zulia na feni mbili. Leo hakuniita Mheshimiwa. Dada kulia kwangu, Shangazi na faili kushoto, Kimya dirishani akiangalia nje. Mwanasheria wao mezani, sekretari pembeni anaandika.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi si mlezi wake. Wala si meneja wake. Mimi ni mjomba tu."

Mwanasheria akasema hakusikia vizuri. Nikarudia. Akauliza ni nani alinipa hayo madaraka. Nikasema nilijipa. Akauliza lini. Nikasema siku niliyomsikia redioni. Akauliza na kabla ya hapo nilikuwa nani katika muziki wake. Nikasema kabla ya hapo nilitaka anyang'anywe maiki. Sekretari akakohoa kwenye leso. Kimya akageuka kutoka dirishani.

Bwana Koti akang'ang'ania kwamba sahihi ni sahihi. Shangazi akafungua faili, akatoa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, akakiweka juu ya zile kurasa kumi na nane. Kisha akamwonyesha na makosa manne ya ngeli yaliyomo kwenye mkataba wao. Mwanasheria akamnong'oneza Bwana Koti. Mkataba ukachanwa mbele yetu.

Wakati wa kurudi, Kimya alitembea pembeni yangu. Barabara ilikuwa pana, na alitembea pembeni yangu.

Jumamosi, 28 Juni

Onyesho, saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya maji. Niliishika.

Ile ya meno hakuiimba hata. Alinyoosha maiki tu, wakamwimbia wao, wakubwa kwa wadogo, neno kwa neno. Yeye amesimama, anawasikiliza. Mtoto ambaye mwalimu wake wa darasa la tatu alituita shuleni kuuliza kama ni bubu.

Mwisho akashukuru. Mama yake, Shangazi, Sikio. Nikadhani amemaliza. Halafu akasema, na mjomba wangu, fundi wa majokofu, ambaye jana alinisindikiza. Watu wakageuka. Vumbi likaniingia machoni. Ukumbi ule haufagiliwi. Shangazi akanipa leso yake bila kuniangalia, nami nikaipokea bila kumwangalia.

Nimeacha umeneja. Kabisa. Kazi ya mtu mzima ni kukaa pembeni na kunyamaza. Nimeiandika sentensi hii pia kwenye ukuta wa karakana, kwa rangi ya mafuta.

Jumatatu, 14 Julai

Mtihani wa Kimya umeanza leo. Wiki nzima, masomo mawili kwa siku. Nimemsindikiza hadi langoni, nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo ya huku nje nayaangalia mimi. Akanitazama sana. Akasema, "Mjomba, kaa tu."

Nikakaa. Kuna benchi la saruji nje ya ukuta wa shule. Nilikaa dakika arobaini bila kufanya jambo lolote.

Akapita mama mmoja mwenye kofia ya kampuni ya rangi za nyumba. Alinitambua kwa mdomo, ule wa kwenye jalada. Wanazindua rangi mpya, wanamtafuta Kimya atumbuize juu ya lori, wazunguke mji mzima. Nikamwambia waziwazi kwamba mimi si meneja. Akasema hata hivyo naonekana kuwa na busara ya meneja. Hilo sikulikataa, maana si cheo, ni sifa tu.

Akauliza kama Jumatano asubuhi mtoto ana nafasi. Jumatano asubuhi ni hesabu. Lakini hesabu anaijua, tangu mdogo. Na lori litapita hapa hapa mbele ya shule, hatapoteza muda wa kwenda na kurudi.

Mama yule alikuwa na karatasi. Miwani niliiacha nyumbani, lakini safari hii sikukurupuka. Nilimuuliza kwanza kama ndani kuna jambo lolote baya. Akasema hakuna. Nikaweka sahihi.

Kengele imelia, watoto wanatoka. Ngoja nikamwambie sasa hivi, kabla hajaingia kwenye somo la pili.