Maua Mwitu ya Mkumbi na Lile Joka

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimeliona! Juu ya mashamba ya kahawa ya Mkumbi, kwenye nyasi za mlimani: ua la rangi ya waridi, kitovu cheusi. Jamii ya bamia, ila mwitu. Ijumaa anakuja Dokta Serafina, mtaalamu wa mimea. Anatafuta mwalimu mmoja wa kuzunguka naye milimani kuchunguza maua haya. Ni mimi, nani mwingine? Kugeuka, namwona Ottilia kachuchumaa majanini! Tunafundisha naye sayansi. Alikuwa anaangalia nyuki wanaotua. Eti anakuja tangu Machi. Mchoyo!

Jumanne, 6 Mei
Mpango. Nimempa shikamoo Mzee Nicholaus, katekista wetu, nikamwambia kule juu kuna joka nene kama paja. Nikamsihi iwe siri. Mchana kijiji kizima kinajua. Safi! Hakuna atakayekanyaga kule. Ottilia kauliza ni la rangi gani. Nikasema kijani. Au kahawia.

Jumatano, 7 Mei
Mke wangu Beata hataki kwenda kuni, anaogopa joka. Kanituma mimi. Nikaona kijiti kimejikunja njiani. Nilikimbia hadi nyumbani. Kuni sina.

Alhamisi, 8 Mei
Balaa! Wanaume wametoka na mapanga na mafyekeo kulisaka joka. Mzee Nicholaus mbele, na maji ya baraka. Wamefyeka nyasi zote kule juu. Niliwakimbilia nikipiga kelele waache. Mzee akanishika bega: "Usiogope, mwanangu. Halikupati tena." Hakuna ua hata moja. Ottilia alisimama pembeni analia. Sikujua nitazame wapi.

Ijumaa, 9 Mei
Dokta kafika, kakuta mlima umenyolewa. Ottilia akatoa maua aliyoyakausha kwenye magazeti, na picha: yakifumbuka asubuhi, yakisinyaa jioni. Dokta akauliza nani kafyeka. Mzee Nicholaus akajibu kwa fahari: "Sisi, kwa taarifa ya Mwalimu Praygod!" Dokta akanitazama, kisha akainama kuchimbua udongo. Mizizi ipo, kasema, maua yatachipua. Kamchagua Ottilia.

Jumapili, 11 Mei
Nimetoka misa nikapita njia ya Namswea. Ua la njano! Ottilia hajaliona. Kosa langu lilikuwa kutisha watu. Safari hii nawapa sababu ya kulipenda. Nimemnong'oneza Mzee Nicholaus kwamba linaotesha nywele kwenye upara. Kavua kofia, kanishukuru mno, kaondoka mbiombio kuwaambia wenzake.
Sasa lina walinzi wa kutosha. Nitalala vizuri.