Kuta za Nyumba ya Pamoja Bilele

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu niliowaalika mwenyewe.

Mnaijua ile nyumba niliyoichora, hapa Bilele? Kila familia na chumba chake, halafu jiko moja, sebule moja na ua wa kukaa pamoja. Sasa imefika kwenye rangi. Asubuhi nikawaita wanaotaka kupanga waje waione kabla hawajaamua. (Nilivaa hadi viatu vya harusini.)

Wakaipenda. Shida ikawa Mama Koku, mjane kutoka Kashozi anayetaka kuwa karibu na wajukuu wanaosoma mjini. Yeye hoja yake ilikuwa sauti tu. Jirani akikohoa, atasikia? Wakigombana je? Nikamjibu. Akauliza tena. Nikaugonga ukuta kwa ngumi, nikamwambia hizi ni tofali za kuchoma, haupiti hata mnong'ono. Akaugusa, akaguna, akauliza tena.

Nikaona nitapasuka. Nikaomba udhuru, nikaingia chumba cha mwisho, nikafunga mlango, nikampigia mume wangu.

"Baba Alinda, kuna bibi hapa ananichosha," nikamwambia. "Ukuta, ukuta, utadhani anakuja kuuposa."

Akaniuliza kama mimi mwenyewe ningeweza kuishi humo. Nikacheka.

"Mimi? Nichangie jiko na watu? Dada yako akija wiki moja tu natamani kuhama."

(Nilisahau kitu. Juu ya kila ukuta niliacha upenyo wa kupitisha hewa. Niliuchora mimi, na nikajisifu nao.)

Nikatoka nikitabasamu. Sebuleni mwenye kiwanja, aliyenipa kazi hii, anakagua dari. Wengine wamegeukia dirishani, mabega yanawatikisika.

Mama Koku akanisogelea, mpole kabisa.

"Pole waitu, mwenzetu," akasema. "Huyo wifi yako anakufanyia nini?"

Nikaanza kueleza habari za hewa. Hakuna aliyesikiliza. Mwenye kiwanja akaniagiza nizibe penyo zote kabla mtu hajahamia. Nikajua Mama Koku nimempoteza. Kumbe amechukua chumba, kwa sharti kwamba mwezi wa kwanza mimi nikae cha jirani na tupike jiko moja. Mwenye kiwanja akakubali kabla sijafungua mdomo.

Hapa nilipo nafungasha sufuria. Mnaotaka kucheka, chekeni huko mliko, ila wifi yangu asijue.