Abiria Waliopandia Kulia

Jumatatu, 3 Juni
Msimamizi wa kundi letu la mtandaoni, Wapenda Ndege, amejiuzulu. Anasema amechoka kuamua ugomvi wa watu wazima kuhusu matairi. Uchaguzi Jumapili. Nagombea. Mpinzani ni mmoja, Bwana Mkia, aliyepewa jina hilo kwa kukariri namba za mkiani za kila ndege. Wanawe sijui kama anajua hata umri wao. Mimi humo naitwa Kapteni. Sikusema kwamba mimi ni rubani. Walidhani, nikanyamaza.

Mke wangu kauliza usimamizi una faida gani. Nikamwambia heshima. Akasema friji ya mwalimu jirani iko sebuleni wiki ya tatu ikisubiri niitengeneze, nianzie hapo.

Jumanne, 4 Juni
Mkia kaniuliza hadharani mbona Kapteni hajawahi kuweka hata picha moja aliyopiga mwenyewe. Nikajibu kazi zetu zina siri. Akaweka kikatuni cha kucheka. Kimoja tu, lakini kikubwa. Damu ilinichemka, nikaupachika mlango wa friji ya mwalimu juu chini.

Katikati ya ugomvi Mfuga Kuku akauliza dawa ya mafua ya kuku. Mzee huyu alijiunga akidhani ni ndege wa manyoya. Alipoelezwa, akasema hizi nazo zina mabawa, akabaki. Mpole mno. Nimeshamhesabu kwenye kura zangu.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango umekamilika. Nimechukua picha ya zamani ya Mkia mwenyewe: ndege imeegeshwa, abiria wanapanda ngazi. Nimefuta namba ya mkiani. Nimefuta maandishi yote ubavuni. Kisha nimeigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo, pua iliyotazama kushoto sasa inatazama kulia. Nikaiweka kundini na maneno haya: wageni wangu, asubuhi ya leo, kabla hatujaruka. Pongezi tisini na mbili kabla sijamaliza chai. Nimekula vizuri sana.

Ijumaa, 7 Juni
Mfuga Kuku kauliza swali, kwa adabu zote. Kwamba samahani Kapteni, yeye kapanda ndege mara moja tu, akienda kwenye harusi ya binti yake, na alipandia ubavu wa kushoto. Wageni wangu mbona wanapandia kulia?

Kisha Mkia akaigeuza picha yangu, akaiweka kando ya yake. Hadi yule mama mwenye mwavuli mwekundu, yuleyule, ngazi ileile.

Kumbe abiria hupandia kushoto, na kundi zima linajua. Mimi ningejuaje? Siri hii anaijua mke wangu peke yake: sijawahi kupanda ndege. Nimetolewa kundini. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Kwingine kote naitwa fundi, na baada ya fundi linafuata swali, bado tu? Kule ndiko nilikokuwa Kapteni. Mke wangu kaniwekea chai mezani, tamu kama ya mgonjwa, na hilo limeniuma kuliko yote.

Jumapili, 9 Juni
Nimejiunga upya kwa jina la Rubani Mstaafu. Picha ya utambulisho ni ileile, ila safari hii nimefuta na abiria. Makosa hayarudiwi.

Mkia kashindwa. Alicheka siku mbili mfululizo mpaka akachosha watu. Kura zote zimekwenda kwa Mfuga Kuku, ambaye hakugombea. Ndiye aliyenipokea. Kaandika: karibu tena, Kapteni, ngazi iko kushoto.

Jina la Kapteni nimelikubali, marubani wastaafu huitwa hivyo. Hiyo "tena" ni kosa la kuandika, mzee wa watu hajazoea simu. Nimemsahihisha mbele ya kundi zima.