Ukoo wa Simbilisi wa Mama Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya furaha! Daktari Yesenia kafika kutoka chuo kikuu, kakonda kama ufito. Si daktari wa watu. Ni wa panya, popo na simbilisi. Nimempa supu ya viazi kabla hajafungua mdomo. Kasema huku milimani kila bonde limemfinyanga mnyama wake. Popo wetu na popo wa ng'ambo ya mlima sura moja, damu mbalimbali! Nikamwambia hilo tunalijua siku nyingi, awatazame watu wa Paucará, kijiji cha ng'ambo. Kacheka hadi supu ikampalia.

Sasa anataka manyoya kidogo ya simbilisi wa kila jiko. Ndani ya manyoya atawasoma bibi wa bibi zao! Jiko moja litachaguliwa na kuwekwa kibao mlangoni: Nyumba ya Mbegu ya Kale. Anayetaka simbilisi wa asili atakuja kuchukua mbegu hapo. Na hapo ni wapi kama si kwangu? Mabibi wa hawa simbilisi wangu, mama yangu aliwabeba ndani ya sketi siku alipoolewa. Dume la nje halijakanyaga jiko hili tangu hapo. Shule sikuiona, herufi nimeng'ang'ana nazo uzeeni, lakini ushindi naujua ukija.

Jirani yangu Eudocia, komadre wangu aliyemsimamia mwanangu ubatizo, anafuga mchanganyiko wa kila takataka. Maskini wee.

Jumatano, 5 Juni

Msiba! Daktari kawageuza wangu mmoja mmoja. Wote wekundu. Wote baka jeupe puani. Wote kidole kimepinda. Kauliza wanazaa wangapi. Nikasema mmoja. Kauliza kama anaishi. Nikamwongezea supu.

Kasema kwa upole kwamba ukoo huenda ni wa kale kweli, lakini wameoana wenyewe kwa wenyewe hadi wamekuwa kama mnyama mmoja. Kikiingia kirusi kimoja, kwisha habari yao. Mbegu njema ni ile yenye watoto wasiofanana.

Eudocia alikuwa mlangoni, masikio kama ya sungura. Kasema, "Komadre, mimi siku zote nilidhani ni sahani za seti!" Nimemtupia kiazi. Kakidaka. Kakila!

Wanataka wasiofanana? Watawapata!

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya kazi tangu alfajiri. Sufu ya kondoo naitia rangi tangu utotoni, simbilisi watanishinda? Mmoja nimemchovya kwenye maji ya wadudu wa mpungate. Mwekundu kama kardinali! Wawili kwenye maganda ya jozi, kahawia safi. Mmoja kwenye maji ya majani, katoka kijani. Wakakaushwa jikoni, wakapendeza. Nililia machozi, si ya moshi.

Daktari kaingia. Kasimama. Kamtazama wa kijani. Wa kijani kamtazama yeye. Daktari kakaa sakafuni akacheka mpaka kashika mbavu, halafu kanikumbatia. Kasema, "Bibi, rangi haifiki kwenye damu." Kinachotakiwa ni dume la nje. Atarudi Agosti. Nisipomwonyesha watoto hai na wazima wa ukoo huu, kibao kitakwenda kwingine, na ukoo wa mama yangu utaishia humu humu jikoni.

Dume zuri la nje liko kwa Eudocia. Lina rangi tatu na manyoya ya kuzunguka kama kimbunga. Lakini kwetu ukiazima dume, nusu ya watoto ni ya mwenye dume. Nusu! Kwa huyo mla viazi vyangu!

Jumapili, 9 Juni

Nimejifanya tumbo linaniuma, nikabaki nyumbani wakati wa misa. Kijiji kitupu. Nikaingia kwa Eudocia, nikalitia lile dume kwenye mbeleko, nikatoka mbio. Moyo unadunda kama ngoma ya harusi!

Njiani nakutana na nani? Eudocia! Anatoka uani kwangu, naye kafunga mbeleko mgongoni. Nikauliza tumbo linamuuma naye? Kasema sana. Kauliza nimebeba nini. Viazi. Na yeye? Mkate.

Kiazi changu kikalia kwiii. Mkate wake ukaitikia kwiii!

Kumbe kaiba jike langu! Anataka damu ya kale jikoni kwake, na kusema naomba hataki. Tumetukanana vizuri. Kaniita mwizi mwenye kikohozi, nikamwita kunguru wa kanisani. Halafu tukacheka mpaka tukakaa kwenye tope. Huyu ndiye aliyelala sakafuni kwangu mume wangu alipofariki. Tukapatana: watakaozaliwa jikoni kwangu na kwake, nusu kwa nusu. Hakuna aliyerudisha cha mwenzake.

Ijumaa, 16 Agosti

Wanne! Hai! Mmoja mweusi tii, mmoja wa kimbunga, mmoja maziwa na asali, mmoja mwekundu kama mama yake. Wamefungua macho siku ile ile na kunitazama kama wanaonidai chakula. Kwa Eudocia watatu! Nimempigia kelele ng'ambo ya ua, naye kanijibu kwa kelele, mbwa wote wa kijiji wakaingilia.

Daktari kaja leo. Manyoya yamesema: ukoo wa mama yangu ndio wa kale kupita wote bondeni! Katupa kibao kimoja chenye majina mawili, kwa kuwa mbegu sasa inaishi kwenye majiko mawili. Jina langu liko juu. Kasisitiza tubadilishane madume kila mara, tusirudie kujifungia. Nimeitikia sana. Eudocia kaitikia kunizidi. Nimemfungia daktari jibini, kaondoka akipunga mkono.

Gari lilipopinda kona tu, nimeziba tundu zote za jiko kwa mawe. Nusu yake Eudocia aisubiri. Nani agawe uzuri huu? Hawa wanne wataoana wenyewe kwa wenyewe, na dume jingine la nje halitakanyaga humu mpaka niingie kaburini!