Cherehani ya Bi Ashatu

Jumatatu, 6 Januari 2025

Wiki imeanza vibaya. Gwarideni mkuu wa kituo, Inspekta Abdulwahab, katangaza kwamba Ijumaa wanakuja wakaguzi kutoka mkoani, kitengo cha malalamiko. Watafungua sanduku la maoni. Lile la bati la bluu pale mlangoni, ambalo kwa miaka miwili nimekuwa nikilitundikia kofia. Ufunguo wanao wao.

Sikutishika. Nani anaandika barua siku hizi? Kisha Genoveva akanyoosha mkono. Koplo mwenzangu huyu, tunagombea nafasi moja ya usajenti. Akasema kwa ile sauti yake ya kwaya kwamba wiki iliyopita alimshauri Bi Ashatu wa Kaole aandike shida yake, na alimwona kwa macho yake akitumbukiza barua.

Mate yakanipalia.

Bi Ashatu ni fundi wa nguo. Mwaka jana aliibiwa cherehani. Tukaikamata Lugoba, mwizi akafungwa, na Oktoba hakimu akaamuru mwenyewe arudishiwe mali yake. Ikawekwa stoo ya vielelezo, na mtunza stoo ni mimi, Koplo Mwinyimvua. Sasa hewa yetu hii ya chumvi inakula chuma. Nikaipeleka nyumbani kuitunza. Mke wangu Somoe anaitunza kila siku tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Ana oda kumi na moja za sare za shule.

Kila Bi Ashatu akija namwambia faili halijarudi kutoka mahakamani. Ananiambia haya, mwanangu, Mungu akujalie. Anarudi Kaole kwa miguu.

Barua ile ikisomwa, kazi sina. Huenda nikalala mahabusu, mlango ule ule ninaoufunga mwenyewe.

Jumanne, 7 Januari

Nimefikiria. Barua iliyoingia inaweza kutoka.

Saa saba, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nimenyoosha henga ya waya, nikapaka gundi kwenye ncha na kuiingiza kwenye tundu la sanduku. Nikaigusa karatasi. Niliisikia kabisa. Ikapanda kidogo, ikaanguka. Mara ya nne waya ukakwama.

Genoveva akatokea nyuma yangu na kontena lake la wali. Akauliza nafanya nini. Nikasema natoa buibui. Akautazama waya unavyoning'inia, akatazama gundi mkononi mwangu, akasema sanduku la maoni halijawahi kupata mtu wa kulijali hivyo. Akakaa pale pale kwenye benchi akala wali wake punje kwa punje. Hakuondoka mpaka saa tisa.

Waya bado umo sandukuni. Nimeukata kwa koleo usionekane.

Nyumbani nimemwambia Somoe cherehani lazima irudi stoo kabla ya Ijumaa. Akaniambia shule zinafunguliwa Jumatatu na mwalimu mkuu hapokei mtoto asiye na sare. Akaniuliza kama nitakwenda mwenyewe kuwaeleza wazazi kumi na mmoja. Nikasema Alhamisi mchana, basi. Akasema tutaona. Mke wangu akisema tutaona, maana yake ni hapana.

Jumatano, 8 Januari

Usingizi sikuupata, lakini alfajiri wazo limenijia, na ni wazo la mtu mwenye cheo.

Barua moja ikiwa peke yake inapiga kelele. Ikiwa kati ya ishirini, nani ataisikia?

Nimeshinda stoo nikiandika barua za sifa. Ishirini kamili. Kalamu tatu za rangi tofauti, na nyingine nimeandika kwa mkono wa kushoto. Wananchi wa kila aina. Mkulima wa mananasi wa Fukayosi, mama lishe, katekista, mzee mstaafu. Wote wamefurahishwa na huduma ya kituo chetu, hasa ya Koplo Mwinyimvua, mwadilifu, mnyenyekevu, anayestahili kupandishwa cheo bila kuchelewa. Katika ile ya katekista nimeandika mpaka machozi yakanilengalenga.

Nimezitumbukiza moja moja kila Genoveva alipokwenda kuchota maji. Sanduku limejaa mpaka mdomoni.

Jioni Bi Ashatu amepita kaunta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya nyumbani, ya mke, ya mama yangu. Kisha akauliza kama faili limerudi. Vidole vyake vimejaa matundu ya sindano. Anashona kwa mkono, na wateja wake wameanza kwenda kwa fundi mwingine. Nikamwambia bado, mama, kesho kutwa labda. Alipogeuka nikajisikia vibaya sana. Hilo naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Alhamisi, 9 Januari

Nieleze kwa utaratibu.

Saa sita na nusu nimefika nyumbani na bajaji. Somoe alikuwa katikati ya sketi. Sikumsikiliza. Nikaibeba cherehani na meza yake ya chuma, na kanyagio lake, nikaifunika shuka, nikaipakia huku mke wangu akinifuata barabarani na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akitaja majina ya watoto wote kumi na mmoja.

Saa saba kasoro nipo kituoni. Kituo kitupu, watu msikitini na mgahawani. Mungu akitaka kukupa hukupa hivi hivi. Nimeikokota mpaka ofisi ya mkuu, maana stoo iko nyuma yake, napapasa mfuko natafuta funguo, nikasikia gari.

Wakaguzi. Siku moja kabla.

Wakaingia wakiongozwa na Mrakibu Msaidizi Adila. Mama mfupi, mpole, miwani imemkaa puani. Nyuma yake mkuu wa kituo anafunga vifungo, na Genoveva keshalishika sanduku mkononi. Afande Adila akasema watafanyia kazi humo humo, kuna mwanga. Akavuta kiti. Kati ya meza zote duniani akaichagua ile ya dirishani, niliyoifunika shuka. Akauliza kilichofunikwa ni nini. Nikasema taipureta ya zamani, afande, inasubiri kufutwa kwenye orodha. Akasema sawa, akazipanga barua pembeni yake.

Kwanza aliutoa ule waya. Akautazama, akauweka kando.

Akafungua barua ya kwanza, akasoma kwa sauti. Mimi Tobia, mtu mzima, umri miaka 61, dini Mkristo, kazi katekista, mkazi wa hapa, nikiwa na akili zangu timamu naeleza kama ifuatavyo kwamba, nakumbuka mnamo tarehe 3 Januari majira ya saa 14:30 nilifika kituoni na kupokelewa na Koplo Mwinyimvua.

Akafungua ya pili. Mtu mzima, umri, kabila, dini, nikiwa na akili timamu. Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne. Yarabi, miaka kumi na minne nachukua maelezo ya watu, mkono umekwenda wenyewe. Ya saba ilimalizika kwa kusema nimesomewa maelezo yangu nami nathibitisha kuwa ni sahihi. Ya tisa ilikuwa na nafasi ya saini ya mwandika maelezo, na saini ilikuwepo. Ni yangu.

Afande Adila akasema wananchi wa hapa wanaandika maelezo vizuri kuliko wapelelezi wake. Akauliza huyu Mwinyimvua ni nani. Genoveva akanionyesha kwa kidevu.

Ya mwisho ilikuwa karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne, na gundi imegandia pembeni. Ya Bi Ashatu. Akaisoma taratibu. Bi Ashatu ameandika kwamba anawaamkia wote, kwamba anawashukuru kwa kumkamata mwizi, kwamba anaomba, kama faili likirudi, apewe cherehani yake kabla shule hazijafunguliwa, maana hana kazi nyingine. Halafu akamshukuru koplo wa kaunta ambaye humpa maji ya kunywa kila anapokuja. Jina la koplo halijui.

Basi. Hakumtaja mtu. Jina langu halikuwemo sandukuni mpaka nilipoliingiza mimi mara ishirini.

Afande Adila alikuwa akifikiri, na mtu akifikiri mguu wake hutafuta pa kukaa. Mguu ukakuta kanyagio.

Kra-kra-kra-kra, chini ya shuka.

Akakanyaga tena. Kra-kra-kra. Mkuu wa kituo akafumba macho. Afande akasema hajapata kuona taipureta ya mguu. Akavuta shuka, halikutoka, pindo lake limeingia chini ya sindano likashonwa. Akalifunua kwa upande. Lebo ya kielelezo inaning'inia, na chini ya sindano sketi ya bluu, nusu imeshonwa, chaki bado mbichi.

Nikasema naweza kueleza. Akasema bila shaka, na kwa kuwa naujua utaratibu, nianze na umri na dini.

Ijumaa, 10 Januari

Nimevuliwa stoo. Funguo amepewa Genoveva, akazipokea kwa mikono miwili kama komunyo. Mashtaka ya nidhamu nitasomewa Jumanne. Mkuu wa kituo naye ameandikiwa barua kwa kutokagua stoo tangu Oktoba, na hanisemeshi.

Bi Ashatu aliitwa saa nne kutambua mali yake. Nilisimamishwa pale pale nishuhudie. Aliipapasa cherehani kila upande, akazungusha gurudumu. Akaiona sketi. Akauliza nani kashona pindo hili. Nilitamani anitukane. Ningejua pa kuanzia.

Akauliza sketi ni ya nani. Nikasema ya mtoto wa darasa la kwanza, anaanza Jumatatu.

Akavuta benchi barazani mwa kituo, akalegeza skrubu ya uzi, akafumua pindo la Somoe na kulishona upya. Dakika ishirini. Watu waliokuja kuripoti mambo yao walisimama wakimtazama. Akamaliza, akakata uzi kwa meno, akaikunja sketi na kunipa, akasema nimpelekee mtoto wa watu. Akaongeza kwamba yale maji yalikuwa baridi, ahsante.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilimbebea cherehani mpaka kwenye bajaji. Nimeapa kwamba nimebadilika.

Jumapili, 12 Januari

Somoe kanuna. Sare kumi zilizobaki kazipeleka Kaole, Bi Ashatu anamalizia, na wateja wamesema mwakani watakwenda huko huko moja kwa moja.

Najiandaa kwa Jumanne. Nimeandika barua tano za kunitetea, za wananchi wenye uchungu. Safari hii nimeondoa dini na kabila. Genoveva haniwezi.

Tatizo ni magwanda. Mbele ya afande lazima yanyooke, na pasi yetu imeungua waya. Nimekumbuka stoo mna pasi nzuri, kielelezo cha wizi wa Fukayosi, kesi iliisha Novemba, imekaa tu inaliwa na chumvi. Funguo za akiba hakuna aliyeniuliza. Nimeichukua leo mchana. Inapata moto haraka sana, Somoe kaipenda.

Mwenyewe akija kuiulizia, faili halijarudi kutoka mahakamani.