Mama Yangu Ndani ya Diski

Jumatatu, 3 Juni
Ijumaa tunasafiri kwenda kumwona mjukuu. Binti yetu kampa jina la marehemu mama yangu, na ameomba kitu kimoja tu: zile rekodi za mama akiimba nyimbo za kubembeleza watoto. Ziko kumi na moja, zote kwenye kompyuta ya sebuleni. Kwingine hakuna. Kompyuta haipandi basi, kwa hiyo nimenunua diski ya kubebea, ndogo kama kipande cha sabuni. Shemeji, kaka wa mke wangu, akanishauri nimwite fundi. Nikamwambia mimi shule niliiona dirishani, lakini nimewahi kutengeneza redio kwa kijiko. Akauliza kama iliimba. Iliimba, shemeji. Kituo kimoja, lakini iliimba.

Jumanne, 4 Juni
Kazi imekwisha. Kwenye skrini kuna vile vipicha kumi na moja, vyenye kimshale pembeni. Nikibonyeza, mama anaimba. Nimevivuta vyote nikavitupia kwenye diski. Kufumba na kufumbua, vimeingia! Shemeji alidai ni kazi ya saa nzima. Labda kwake yeye, fundi wa cherehani za kukanyaga. Mke wangu akaniambia nifungue nihakikishe. Mzigo nimefunga mwenyewe, nihakikishe nini?

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji ndiye atakayelinda nyumba. Nimewaza sana. Mtu yule akikaa na kompyuta yangu, atamtumia binti nyimbo kabla sijafika, sifa zote azoe yeye. Nikapekua ndani. Kumbe kuna folda nzima ya nyimbo zilezile! Za nini tena, na mama yuko mfukoni? Nikafuta. Kisha nikamwonya shemeji asiguse kompyuta, hata kwa kitambaa cha vumbi. Akaapa. Macho yake sikuyapenda.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu. Sebule ya binti imejaa wakwe. Nimehutubia nusu saa jinsi nilivyofanya kazi ile peke yangu. Mkwe wangu akachomeka diski. Kimya. Akabonyeza tena. Akakohoa, akasema kwa adabu, baba, hivi ni vibao tu vya kuonyesha njia, nyimbo zenyewe zimebaki nyumbani.

Nimebeba vibao kumi na moja, safari ya saa tisa.

Nikataka kusema hakuna taabu. Halafu nikaikumbuka Alhamisi. Ikabidi niseme nilichofanya.  Binti alimfunika mtoto vizuri, akaangalia pembeni. Afadhali angenigombeza.

Nikatoka nyuma, penye kamba za nguo, nikampigia shemeji. Nikamwomba aguse kompyuta. Akasema haiwezekani, yeye ni mtu wa kiapo. Akauliza, au aguse kwa kitambaa cha vumbi? Nikasema aguse hata kwa miguu. Akataka nimbembeleze kwanza. Nikambembeleza, mimi, mtu mzima, katikati ya mashuka. Ndipo akauliza kama lile pipa la taka la kwenye skrini nililimwaga. Nikamuuliza pipa gani.

Jumapili, 9 Juni
Mama alikuwa ndani ya pipa! Mzima, nyimbo zote kumi na moja. Shemeji kamtoa, akamtuma kwenye simu ya binti asubuhi. Mama kaimba, mtoto kanyamaza. Binti akalia, akanishika mkono. Mke wangu akalia. Mimi liliniingia vumbi jichoni. Kisha wakwe wakampigia shemeji simu, wakampigia na makofi. Makofi, kwa mtu aliyepekua taka.

Jumanne, 11 Juni
Tumerudi. Nimewaeleza majirani ukweli wote: niliziacha nyimbo kwenye pipa makusudi, maana mwizi gani anapekua takataka? Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Wivu. Mke wangu aliinuka akaenda kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa safi.

Mwenye duka la pembeni anasafiri kesho. Picha zake za harusi ziko kwenye kompyuta, hajui azibebe vipi. Nimemwambia aachane na mafundi, kazi ya kufumba na kufumbua hiyo. Nakwenda saa kumi na diski yangu. Na kwa sababu mimi nikikosea hujifunza, safari hii sitaacha kitu cha watu kama shemeji kuja kupekua. Pipa la mwenye duka nitalimwaga kabisa.