Namba Tisa Mbele ya Kamati ya Ubikira

Kwa fahari kubwa, wananchi wa Kilosa walitangaziwa kwamba Kamati ya Uhakiki wa Ubikira imeanza kazi rasmi. Mwanamke yeyote aliyeomba ufadhili wa kusomea uongozaji wa watalii Mikumi angepimwa kwanza, kwa kuwa, kama walivyobaini wajumbe wanne, wote wanaume, katika vikao vitatu, haifai wageni kuonyeshwa tembo na mtu ambaye hajahakikiwa.

Naishorua, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, alikwisha kupata nafasi chuoni. Kilichobaki ni cheti cha Kamati tu. Alipewa namba kumi ili siri yake itunzwe, kisha akaelekezwa kwenye foleni iliyopangwa kando ya barabara kuu.

Mbele yake alisimama Bernadetha, mke wa Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Octavian. Khanga ilimfunika hadi puani.

"Shikamoo, mama. Na wewe unaomba ufadhili?"

"Marahaba, mwanangu. Naomba kueleweshwa tu. Nimezaa watatu, wote kwa upasuaji. Ngoja tuone daktari atanipa ngapi."

Ndani kulikuwa na pazia la kuficha nyuso, kwa heshima ya wanawake. Sehemu nyingine hazikuwamo katika bajeti ya heshima.

"Daktari, hapo mtu anajulikanaje?" Naishorua aliuliza, amekaza meno.

"Hajulikani," Daktari Kasian alijibu kwa unyoofu kutoka upande wa pili. "Wengine huumbwa hivi, wengine vile. Hakuna kipimo duniani kinachoweza kujua jambo hilo."

"Sasa utaandika nini?"

"Fomu ina visanduku viwili, binti. Cha 'haijulikani' hawakuchapa."

Alasiri, ukumbini, Katibu Petro alisoma matokeo yasiyo na rufaa. Namba kumi: si bikira, ufadhili umefutwa. Naishorua aliukaza mkono kwenye kiti. Ukweli wake aliujua mwenyewe, na hakuona unamhusu tembo gani.

Namba tisa alihifadhiwa hadi mwisho: bikira halisi, mfano wa kuigwa.

Bwana Octavian alisimama akapiga makofi. "Binti huyo asimame tumwone. Angalau kuna nyumba moja iliyolea."

Bernadetha alishusha khanga. "Nipo, baba Oliver."

"Hapo sasa patamu," mtu alinong'ona nyuma.

Petro, mtu wa taratibu, alishika kalamu. "Mwenyekiti, cheti kimeshapigwa mhuri. Wale watoto watatu niwaandike chini ya nani?"

"Kipimo kimekosea."

"Kipimo hakikosei, bosi. Ni azimio namba mbili. Ulilipendekeza mwenyewe."

Naishorua alinyoosha mkono. "Shikamoo, Mwenyekiti. Kama kimekosea, kimekosea na kwangu. Kama hakijakosea, naomba tutoke nje ili familia izungumze."

Mwenyekiti alijifuta shingo kwa kitambaa, akawatazama wajumbe wenzake. Wote walikuwa wakisoma ajenda kwa bidii.

"Andika," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna daktari awezaye kujua. Matokeo yote yamefutwa, na huyu binti apewe barua yake ya ufadhili aende Mikumi."

Petro aliandika, akagonga mhuri, akamkabidhi Naishorua barua. Kisha akarudi kwenye kumbukumbu za kikao. "Na sababu ya uamuzi, Mwenyekiti?"

"Sababu ni kwamba watoto wale wamefanana na mimi. Kila mtu anaona."

"Hilo nalo," alisema Bernadetha, akiketi taratibu, "lihakikiwe."